Pampu ya Kukanyaga

Jumanne, 4 Juni 2013

Daftari hili nimepewa na nesi Angella wa kliniki. Ameniagiza niandike kila siku nimeinua nini, mgongo umekuwaje na tumbo limekuwaje, kisha nimpelekee kila mwisho wa mwezi. Nadhani alitaka mstari mmoja mmoja. Asipopenda kusoma zaidi, aruke.

Leo nimevuta maji mara nne, ndoo baada ya ndoo, mpaka madumu manne yakajaa. Mgongo unauma. Tumbo liko kimya.

Mimba hii ni ya tatu, ina miezi mitatu na nusu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Ya pili ikatoka mwezi wa tano. Nesi Angella ni Mnyankore, mwenyeji wa hapa Uganda, na Kiswahili chake ni cha vidole, alivikunja kimoja kimoja mbele ya uso wangu.

"Mama, hapana beba. Hapana vuta kamba. Hapana inama. Kutembea, ndiyo. Lakini maji, hapana. Unasikia? Hii ikitoka tena, mimi sijui kama ingine itakuja."

Nilisikia. Nikarudi nyumbani, nikashika kamba, nikavuta maji. Nani mwingine angeyavuta?

5 Juni

Mara tatu. Mgongo uleule.

6 Juni

Mara nne na nusu. Hiyo nusu ilimwagika, nikaifuata kwa macho ikinyonywa na udongo, nikalia kidogo. Halafu nikaona aibu kulilia nusu dumu.

Jumapili, 9 Juni

Nestor, mume wangu, amekuja. Anafanya kazi Bwizibwera, ng'ambo ya Mbarara, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Anasukuma makopo ya maziwa toka asubuhi, na huku kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anafika kila baada ya wiki mbili, akinuka maziwa na akiwa na usingizi.

Tuna bahati ya tangi. Kanisa lilitujengea miaka miwili iliyopita, tangi la chini ya ardhi, limesakafiwa kwa saruji, kina chake ni mara mbili ya urefu wangu. Mabati yanakusanya mvua, tangi linameza. Mwezi wa Mei lilijaa hadi shingoni. Wenzangu wanapanga foleni kwenye bomba la kijiji cha Misiera na wananiita tajiri. Tajiri huyu anainama kwenye mdomo wa shimo na kuvuta ndoo kwa kamba, na kila ndoo nasikia kitu kikivutika chini ya kitovu.

Jirani yangu Nyiramana alinivutia wiki mbili nzima. Sasa kiangazi kimeanza na yeye ana watoto sita. Wema nao una kiuno, unachoka. Simlaumu.

Anayebaki ni baba mkwe. Jina lake siliandiki. Kwetu mkamwana halitamki, na sidhani kalamu ina ruhusa kuliko ulimi. Ana miaka themanini, au anasema themanini. Huko Kongo, milimani Itombwe, alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Hapa Nakivale hana hata mmoja, na hasira za ng'ombe arobaini na mmoja ananimalizia mimi. Uji una moshi. Jivu limezidi. Mlango umelia. Anaketi kwenye kigoda chake toka jua linapotoka, akiangalia njia ya kwenda ziwani, ambako Wanyankore wanapitisha ng'ombe wao. Mdomo wa tangi uko hatua kumi mbele yake. Miaka miwili hajagusa kamba. Maji ya nyumba ni kazi ya wanawake. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kila mtu ameisoma.

Nilimwonyesha Nestor maneno ya nesi. Akasema, "Tutafute pompi."

12 Juni

Mara tatu. Vumbi.

Jumamosi, 15 Juni

Kumbe kila mtu Nakivale ni fundi wa pampu. Nilimwambia mtu mmoja tu kanisani, na tangu asubuhi wamepita wanne kunishauri. Shemasi Kabanda, ambaye hajawahi kuwa na pampu wala tangi, amesimama saa nzima akinieleza ubora wa mashine ya petroli. "Ile iko na nguvu, dada. Unaiwasha, unakaa, maji inakuya yenyewe." Nikamuuliza inawashwaje. Akasema hilo si shida, wanaume wapo.

Wako wapi? Mmoja yuko Bwizibwera. Mwingine yuko kwenye kigoda.

Nimevuta mara nne.

Jumamosi, 22 Juni

Tumekwenda Mbarara. Naandika yote kwa sababu nataka ijulikane aliyechagua ni nani.

Nestor alinipokea stendi, tukatembea polepole hadi kwa Mastula, karibu na lango la kambi ya jeshi. Mastula ni mke wa sajenti. Mumewe, Asuman, ni fundi wa maji jeshini. Pampu anazozifufua siku zake za mapumziko mkewe anaziuza barazani, pamoja na mipira ya maji, koki na maandazi.

"Nyabo, kaa hapa," Mastula aliniambia hata kabla ya salamu, akanisogezea benchi. "Mimba ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Watoto wangapi?"

Nilimwangalia tu.

"Haya," akasema kwa sauti nyingine. Akamgeukia Nestor. "Basi leo sisi hapana tafuta pampu ya bwana. Tunatafuta pampu ya huyu."

Nestor hakusikia. Alikuwa ameshaifikia mashine ya petroli na anaipapasa kama ndama. Asuman aliiwasha. Ilichukua kuvuta kamba mara tano kwa mkono wa mwanajeshi, na ilipokubali, baraza zima lilitetemeka na maandazi yakaruka ndani ya beseni.

"Hii iko ya shamba," Asuman alisema baada ya kuizima. "Kwa tangi ya nyumba ni nguvu ya bure. Na kuwasha ni kuvuta hii kamba. Mama atavuta?"

Sijapata kuona mtu akiachana na kitu kwa huzuni kama Nestor.

Ya umeme hatukuigusa, umeme haujafika kwetu. Ya jua ilikuwa nzuri, ndogo, kimya. Mastula mwenyewe ndiye aliyeikataa. "Ile kioo yake, huko kwenu italala inje na nani? Wataiba siku ya kwanza." Halafu tukaja kwenye pampu ya mkono, bomba refu la plastiki lenye mpini wa kuvuta juu na kusukuma chini. Nilivuta mara tatu, nikasikia maumivu palepale ninapoyasikia nikivuta kamba. Nikauachia mpini.

Ya mwisho ilikuwa pembeni, juu yake pamelala paka. Fremu ya chuma, mitungi miwili, mbao mbili za kukanyagia na fimbo ya kushikilia. Asuman alimfukuza paka, akalitumbukiza bomba lake kwenye pipa, akapanda.

"Hii hapana mukono, hapana mugongo. Ni miguu tu. Kama kutembea."

Kutembea, ndiyo. Niliona kidole cha nesi. Nikavua kandambili, nikapanda, nikashika fimbo. Mguu mmoja ukashuka, mwingine ukapanda, na maji yakatoka kwenye mpira bila mimi kuinama wala kuvuta. Mastula akapiga makofi. Wanajeshi waliokuwa wakirudi kambini walisimama, mmoja akanipigia saluti. Nikacheka. Sikumbuki ni lini nilicheka mchana.

"Mukarukundo, uko hakika?" Nestor aliniuliza.

"Hii," nikasema. "Hii hii."

Asuman alinionya wakati anaifunga kwenye gunia. "Ndani iko ngozi mbili. Ngozi inataka maji kila siku. Ukiacha wiki, inakauka, inavuta hewa tu. Mimi nimefunga hizi mingi, hata kule Bunia." Bunia ni kwetu Kongo, jeshi lao lilipigana huko, na sikumuuliza alimfungia nani. Alinibebea gunia hadi barabarani.

23 Juni

Safari imenichosha. Nyiramana ametuletea dumu moja. Mungu ambariki.

Jumamosi, 29 Juni

Leo nimejijua mimi ni mjinga.

Nestor na Kabanda wameifunga pampu kando ya mdomo wa tangi, miguu yake ndani ya saruji ili isitikisike. Watu walijaa uani. Nestor alipanda, akakanyaga, maji yakaja. Kabanda akapanda, hata yeye akakubali ni kitu cha maana. Wakasali. Kisha Nestor akasema kwa sauti, "Sasa mwenye pompi apande."

Niliweka mguu mmoja juu ya ubao. Nikainua macho. Nikamwona baba mkwe kwenye kigoda chake, hatua kumi, uso kwa uso nami.

Kwetu mkamwana akipita mbele ya baba mkwe anainamisha kichwa na kushika nguo yake. Haketi mahali pa juu kuliko pake. Na hapa nilitakiwa nisimame juu ya kichwa chake, nimkabili, goti juu goti chini, kiuno kikienda huku na huku, kila siku, nusu saa. Hata kwenye harusi singecheza hivyo akiwapo. Wanawake wote uani waliliona jambo lile kwa wakati mmoja na mimi. Nyiramana alijifunika mdomo kwa kitenge.

Nikashusha mguu. Nikasema nina kizunguzungu.

Kule Mbarara nilipanda mbele ya wanajeshi kumi kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa baba mkwe wangu. Miaka kumi na miwili namkumbuka huyu mzee kila ninapoinua kijiko. Siku moja tu nilimsahau, na ndiyo siku niliyochagua pampu. Kuihamisha haiwezekani, saruji imeshashika, na nyuma ya nyumba hakuna tangi.

1 Julai

Sikupanda. Kamba, mara tatu.

3 Julai

Sikupanda. Mara tatu.

6 Julai

Sikupanda. Upepo wa vumbi, ziwa halionekani. Mara nne, kwa sababu nguo zote zilikuwa chafu. Mzee amesema uji una mchanga. Una mchanga.

Jumatano, 10 Julai

Alikwenda kwa Kabanda kunyolewa. Mara tu fimbo yake ilipotoweka njiani, nilimwagia pampu maji ya kuiamsha kama Asuman alivyonifundisha, nikapanda. Lo, raha! Dumu moja likajaa, la pili likajaa, mgongo haukusema neno. Nilikuwa kwenye la tatu nilipomwona kwenye upenyo wa ua. Alikuwa amesahau tumbaku yake.

Niliruka chini, kifundo cha mguu kikapinda. Yeye alikuwa amekwisha geuka. Alisimama ameupa ua wa miiba uso, hajongei, kama mtu anayengoja msiba upite, mpaka nikaingia ndani. Jioni hakula chakula changu. Nilimsikia akinung'unika kwa Kinyamulenge, maneno sikuyashika.

Nikamchukia. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nesi aliniambia niandike ninavyojisikia.

Jumapili, 14 Julai

Nestor yuko nyumbani. Nilimwomba azungumze na baba yake ahamishe kigoda.

"Nimuambie nini?" akasema. "Baba, geuka, muke yangu anataka kutingisha kiuno?"

"Mwambie ni ya mtoto."

"Mambo ya mimba mutu haongee na baba yake, unajua."

Najua. Sote tunajua. Tunajua mpaka tutakufa.

Basi akaleta turubai, akalitundika kwenye miti miwili kati ya kigoda na pampu. Nilipanda. Turubai lilinifika kifuani. Nyiramana alikuja akinishika mkono, machozi ya kicheko yakimtoka. "Shuka, dada, shuka. Kule upande wa pili kunaonekana kichwa na maziwa tu, bikipanda bikishuka, bikipanda bikishuka. Afazali mwili yote!"

Na mzee akaanza kupiga kelele kwa Kiswahili cha Uvira, kile cha ua kuwa lupango na mahali kuwa fasi, anachokitumia akitaka mtaa mzima usikie. "Ni nani anaweka fasi ya hospitali mu lupango yangu? Miye sione njia! Mupatie ile turubai bantu benye habana nyumba!"

Nestor alilishusha. Alirudi Bwizibwera bila kuniangalia vizuri. Ni mtu mwema, na wema wake unaishia mahali baba yake anapoanza.

18 Julai

Mara tatu. Wiki hii mimba imefika mwezi wa tano.

21 Julai

Mara mbili. Nimepunguza kunawa.

Jumatano, 24 Julai (naandika tarehe 26, kliniki)

Alfajiri nilitoka kabla hajaamka, nikiwa nimeamua kukanyaga gizani kila siku kama mwizi. Nilimwagia pampu maji. Nikapanda. Ikatoa sauti ya mtu anayekohoa, hewa tu. Nikamwaga maji mengine, yakavuja chini. Siku kumi zilikuwa zimepita bila kuigusa. Ngozi zilikuwa zimekauka. Asuman alisema, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikimsikiliza.

Kukapambazuka. Mzee akatoka, akakaa. Nikashika kamba.

Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili. Kwenye ya tatu nikasikia joto likishuka pajani, nikajua kabla sijaangalia. Nilijua kwa sababu ni mara ya tatu. Nikapiga ukelele mmoja, na aliyekuwapo ni yeye tu.

Alikuja na fimbo yake. Aliangalia kamba mkononi mwangu. Aliangalia pampu iliyokuwa imesimama kando yangu, kavu. Akaangalia kisigino changu, damu ilikuwa imefika pale. Kisha akaiangalia pampu tena, muda mrefu, halafu nyuma kwenye kigoda chake. Sikutaka aangalie chochote. Nilitaka aende.

"Nyiramana!" akaita. "Nyiramana, kuya mbio! Bantu, mukuye! Muka Nestor anakufa!"

Alivua koti lake, lile la kwendea kanisani na kila mahali, akanifunika kiunoni yeye mwenyewe. Hakugeuza uso. Pikipiki ikaja.

27 Julai

Nesi Angella amesikiliza tumbo kwa lile bomba lake dogo, mara mbili, akifumba macho. "Iko," akasema. "Moyo yake iko." Amesoma daftari pia. Alifika kwenye turubai akacheka, alifika tarehe 24 akaacha kucheka. "Wewe umekuwa na pampu mwezi muzima na umevuta kamba?"

Nikalichukua daftari, nikalifunga.

29 Julai

Nimerudishwa nyumbani. Kulala wiki tano, kuamka kwa ajili ya choo tu. Nyiramana na wanawake wa kwaya wamepangiana zamu za maji, lakini nawaona nyuso. Kila mmoja ametoka kwenye foleni yake mwenyewe. Hii haitafika mwisho wa kiangazi.

Kigoda kiko wazi. Mzee hajakikalia tangu nirudi. Sijui yuko wapi mchana kutwa, na nimechoka kutojua.

Alhamisi, 1 Agosti

Kitanda changu kimesogezwa karibu na mlango, naona ua. Leo mzee amekuja na spana za Kabanda na kikopo cha samli. Aliketi chini, kwenye vumbi, akaifungua pampu. Ilimchukua asubuhi nzima. Alitoa ngozi mbili, ngumu kama nyayo za viatu vya zamani. Akazinusa. Akazikunja. Akaanza kuzipaka samli kwa kidole gumba, polepole, pembe hadi pembe.

Hakusema na mimi. Alisema na ngozi, lakini kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Banakuacha unakauka. Bote banapita, banakuona, banakuacha. Hata miye. Hata miye nilikuwa fasi ile nimekaa."

Nilijifunika shuka usoni. Nilikuwa nadhani ile Jumatano ya tarehe 10 Julai, alipougeukia ua na kukataa chakula, alikuwa ananikasirikia. Leo sina hakika. Pengine alikuwa ananipisha, akaona haya, na hakuwa na namna nyingine ya kuniambia.

2 Agosti

Ngozi ziko kwenye samli. Mgongo afadhali. Sikuinua kitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Aliwaambia watoto wa Nyiramana wayapange madumu yetu matano kwa mstari. Akavua viatu. Akavaa kofia. Akaitundika fimbo yake kwenye fremu, akapanda.

Mwanzoni ilikohoa. Kisha ikashika, na maji yakaja kwa kurukaruka. Miguu yake ni mikavu, magoti yametoka nje kama mafundo ya mti, na anakanyaga kama mtu anayepanda mlima wa kwao. Nikaona aibu hadi masikioni. Mzee mzima, mwenye ng'ombe arobaini na mmoja, anachotea nyumba maji! Watu walisimama njiani. Mtu mmoja akacheka.

Ndipo alipoanza kuimba. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule utotoni, kwa baba yangu na ndugu zake. Ni wimbo wa kunyweshea. Kule milimani kuwatekea ng'ombe maji ni kazi ya wanaume, tena ya heshima. Wanasimama kisimani, wanapokezana chombo, wanajaza birika na kuwaita ng'ombe kwa majina mmoja mmoja. Mwanamke hapewi kazi hiyo hata akiiomba.

Dumu la kwanza likajaa. Akasimama, akahema.

"Bihogo ameshakunywa?" akauliza.

Bihogo ni jina la ng'ombe. Akauliza tena, anaangalia mlangoni kwangu.

"Ameshakunywa, baba," nikasema.

"Mulete Gaju."

Mtoto akahamisha mpira kwenye dumu la pili.

Jumanne, 6 Agosti

Shemasi Kabanda amekuja. Nimesikia yote kutoka kitandani.

"Muzee, bantu banasema. Mwanaume wa rika yako, kuteka maji ya muke ya mutoto wako, haifae. Na ile nyimbo si ya kanisa."

"Miye niko nanywesha ng'ombe zangu," mzee akasema, bila kuacha kukanyaga.

"Ng'ombe ziko wapi?"

"Ziko zinakunywa. Ukikosa kuziona, ni macho yako. Ulishaona wapi mwanaume kukatazwa kunywesha?"

Kabanda alifikiri. Naye ni mtoto wa wafugaji, na kuna jambo ambalo hata ushemasi hauliondoi. "Hapana," akasema. "Sijaona." Akasimama akitazama madumu. Mwishowe akavua viatu, akasema, "Shuka kidogo upumuzike. Ile ya pili inaitwa nani?"

9 Agosti

Sikuinua kitu. Uji bado una moshi, amesema.

17 Agosti

Siku zote sawa. Jua, wimbo, madumu. Mtoto anacheza tumboni, hasa mchana. Mwezi wa tano umepita. Naandika kwa herufi ndogo mkosi usije ukanisikia.

Jumapili, 25 Agosti

Nestor, ambaye kituo cha maziwa kilimnyima ruhusa tangu katikati ya Julai, alimkuta baba yake juu ya pampu. Alisimama kwenye upenyo na mfuko wake begani kwa muda mrefu. Kisha akaja ndani, akaketi pembeni ya kitanda, akalia bila sauti. Nilimwacha. Nilikuwa nimechoka mno kumbembeleza mtu kwa jambo ambalo mzee wa miaka themanini alilitatua kwa samli.

Siku mbili alizokaa alikanyaga yeye. Hakujua majina ya ng'ombe. Mzee alimfundisha akiwa kwenye kigoda, akimkaripia kila akikosea.

3 Septemba

Nimeruhusiwa kuamka. Nashika mpira, nauhamisha dumu hadi dumu, hiyo ndiyo kazi yangu. Maji ya tangi yamefika chini ya kiuno. Goti la mzee limevimba. Nilimwambia apumzike, akajifanya kiziwi.

9 Septemba

Madumu matatu tu. Alishuka akishikilia ukuta. Nimemkanda goti kwa maji moto, yaani nilimpa Kabanda kitambaa na Kabanda akamkanda.

Jumamosi, 14 Septemba

Nesi Angella amehesabu kwa vidole, vingi safari hii. Miezi saba. "Sasa hata akija mapema, tunaweza pigana," amesema. Nimetembea kurudi nyumbani polepole, na sikuwa na nguvu ya kufurahi. Nilitaka kukaa tu.

Mzee alikuwa juu ya pampu peke yake, Kabanda hayupo. Nikashika mpira. Hakuniuliza nesi alisema nini, na mimi sikumwambia, mambo hayo hayasemwi. Bihogo akanywa. Gaju akanywa. Mugondo, na yule mweupe, na yule ambaye hamtaji bila kunyamaza kwanza. Madumu matano yakajaa. Alikuwa anahema vibaya, jasho likimchuruzika kwenye makunyanzi, lakini aliendelea kukanyaga. Maji yakaanza kumwagika chini. Mwezi Septemba, maji yanamwagika chini!

"Baba, zote zimejaa," nikasema. "Yanamwagika."

"Minajua. Kuko moja haiyakunywa."

Nikaangalia madumu. Nikayahesabu tena.

Alinyoosha kidevu kuelekea tumboni kwangu. "Chukua kikombe."

Mkamwana hanywi mbele ya baba mkwe. Hugeuka, au hungoja aondoke. Nilikinga kikombe kwenye mpira, nikasimama nimekishika, na maji yalikuwa baridi ya chini ya ardhi. Yeye hakugeuza uso. Aliendelea kukanyaga, taratibu, goti lile bovu likilia, macho yake kwangu, kama anavyomwangalia mnyama wake mpaka ahakikishe amemeza. Nikanywa, chote, nikimwangalia.

"Ameshakunywa?" akauliza.

"Ameshakunywa, baba."

"Ongeza," akasema. "Ng'ombe ya mimba hainywe mara moja."

Nikakinga cha pili.